Kwa Heri Isiyoitikiwa: Askari wa Mrima katika Picha ya Kidachi

Mji wa Bagamoyo una namna mbili za kukumbuka vita. Karibu na ufuko yapo makaburi ya Wadachi waliokufa katika miaka ya mwanzo ya utawala wao, na majina yao yamechongwa ili wasipotee. Hapo hapo mjini liko pia jiwe linalomwambia mpita njia kwamba mahali pale wakoloni waliwanyonga Waafrika waliowapinga. Hao walionyongwa hawakuandikiwa majina. Baina ya makaburi yenye majina na jiwe lisilo na majina, amekosekana mtu wa tatu ambaye vita visingepiganwa bila yeye: askari mweusi aliyevaa sare ya Mdachi. Yeye hakuchongewa jiwe na upande wowote. Kumbukumbu yake imebaki mahali ambapo wapenzi wa ushairi wa pwani hawakuzoea kupatazama, nayo ni sinema ya Kijerumani.

Mwaka 1934 ilitolewa Ujerumani picha ya vita iitwayo Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, yaani Wapanda Farasi wa Afrika Mashariki ya Kidachi. Mwongozaji wake alikuwa Herbert Selpin, na kisa chake kilitokana na riwaya ya bibi mmoja wa Kijerumani, Marie Luise Droop. Riwaya hiyo iliandikwa kwa Kijerumani, kwa ajili ya Wajerumani, lakini jina lake ni la Kiswahili: Kwa heri. Jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya msomaji wa pwani avute kiti na kukaa, maana si kila siku mgeni huja kuazima neno la kuagana kutoka nyumba aliyokwisha kufukuzwa.

Kisa chenyewe si kigumu. Mlowezi wa Kidachi na rafiki yake Mwingereza wanaishi kwa ujirani mwema katika mashamba ya Afrika Mashariki. Mwaka 1914 vita vinazuka Ulaya, na marafiki wanakuwa maadui. Panafuata mapigano, kiu, uaminifu wa mke shambani, na heshima ya wanaume wawili ambao kila mmoja analazimika kuitumikia bendera yake. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Picha hii imewaweka tembo mbele ya mtazamaji tangu mwanzo hadi mwisho, nayo nyasi imeifanya pazia la nyuma. Ajabu ni kwamba hata watawala wa Kinazi baadaye waliipiga marufuku, kwa kuona kuwa haikuwachukia Waingereza kiasi cha kutosha. Na baada ya 1945 mataifa yaliyoshinda nayo yakaipiga marufuku, kwa kuona kuwa inatukuza uanajeshi. Hapana hata mmoja kati ya hao aliyeikataza kwa sababu ya namna ilivyomwonyesha Mwafrika.

Jina la picha lina kasoro ambayo mtu wa Mrima huiona papo hapo. Vita vya 1914 hadi 1918 katika nchi hii havikuwa vya wapanda farasi. Farasi walikufa kwa ndorobo, na nyumbu wakawafuata. Kilichosafiri kilisafiri juu ya vichwa vya watu: risasi, unga, mahema, vipande vya mizinga, hata machela ya maafisa. Wapagazi walichukuliwa vijijini kwa nguvu, wakafa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, na vyakula vya vijiji vikachukuliwa pamoja nao. Anayeviita vita hivyo vya wapanda farasi ameshaamua, kabla hajaanza kusimulia, nani hatamwona.

Hata hivyo, katika picha hiyo yumo mtu mmoja aliyevijua vita vile kwa mwili wake. Katika orodha ya waigizaji amepewa sehemu ndogo ya Mustafa, mwanafunzi wa kupeleka ishara za kijeshi. Aliyeiigiza ni Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Wadachi. Vita vilipoanza alikuwa na umri wa miaka kumi, akaingia jeshini pamoja na baba yake, akafundishwa kazi ya ishara. Alijeruhiwa Mahiwa mwaka 1917, kisha akatekwa na Waingereza. Kwa hiyo mwaka 1934 mtu mzima wa miaka thelathini alisimama mbele ya kamera, maelfu ya maili kutoka kwao, akaigiza utoto wake mwenyewe. Watengenezaji wa picha walikuwa naye shahidi aliyeyaona yote. Walimpa sare, wakamwonyesha mahali pa kusimama, na hadithi wakaiacha mikononi mwa wale marafiki wawili.

Alikuwa amekwenda Berlin mwaka 1929 kudai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Aliambiwa amechelewa. Akabaki, akafanya kazi ya kuhudumu katika nyumba za starehe, akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu, akaigiza sehemu ndogo ndogo katika picha nyingi. Aliomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo isemwavyo huku. Naye alicheza ugenini.

Inafaa hapa kulirudia lile neno la riwaya. Mtu wa pwani anaposema kwa heri hajamaliza, anangojea kuitikiwa. Anayebaki hujibu kwa heri ya kuonana, na baina ya kauli hizo mbili hufungwa ahadi. Kuagana kwa Waswahili ni beti ya watu wawili, na mmoja akinyamaza beti huwa pungufu. Katika picha ya Selpin neno hilo linasemwa na upande mmoja tu. Wajerumani walikuwa wamepokonywa makoloni yao katika mkataba wa Versailles mwaka 1919, na watu wa wakati ule waliionea fahari na uchungu nchi waliyoipoteza. Kwa heri yao ilikuwa na maana ya tutarudi. Hawakuuliza kama mwenyeji angeitikia ya kuonana, au angeitikia nendeni salama, au angefunga mlango. Na mwenyeji mmoja aliyekuwepo pale, ambaye lugha hiyo ni ya mama yake, hakuwa na nafasi ya kujibu. Kwake yeye neno hilo lilikuja kuwa kweli kwa namna ambayo mtunzi wa riwaya hakuikusudia, maana hakuonana tena na Dar es Salaam.

Picha ya pili inaileta hadithi karibu zaidi na Bagamoyo. Selpin huyo huyo alitengeneza Carl Peters, iliyotolewa mwaka 1941. Watu wa Saadani wana haki ya pekee ya kuihukumu, maana ilikuwa hapo, Novemba 1884, ambapo Peters mwenyewe aliteremka na kushika njia ya Usagara kutafuta alama za machifu kwenye karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma. Picha inamfanya shujaa aliyeonewa na mabwana wa ofisini. Haimwonyeshi kama walivyomjua watu wa Kilimanjaro, alikomnyonga mtumishi wake na msichana wa Kiafrika, jambo lililomfanya hatimaye afukuzwe kazi mwaka 1897. Wala haitaji kwamba huku aliitwa Mkono wa Damu. Wengi wa Waafrika wanaoonekana wakijaza viwanja vya picha hiyo walikuwa mateka wa vita, askari wa jeshi la Ufaransa waliotekwa na Wajerumani. Husen alipewa sehemu kubwa kuliko alizowahi kupewa: Ramasan, kiongozi na mkalimani wa Peters.

Ukalimani ndio ufunguo wa historia yote ya Mrima. Mikataba ya Usagara isingeandikwa bila mtu wa kati, aliyemgeuzia chifu maneno ya Mzungu na kumgeuzia Mzungu kimya cha chifu. Mtu huyo alijua kipi kimesemwa na kipi kimeandikwa. Picha yenye akili ingeisimamisha kamera usoni pake wakati kalamu inaposhuka. Katika Carl Peters mkalimani ni daraja: watu wanapita juu yake kwenda kumtazama shujaa. Mwaka ule ule picha ilipotolewa, Husen alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafa huko tarehe 24 Novemba 1944. Selpin naye alikuwa amekwisha kufa mwaka 1942 katika chumba cha mahabusu, baada ya kukamatwa kwa maneno aliyoyasema dhidi ya jeshi.

Wapo watakaosema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwamba aliyemtumikia Mdachi vitani na katika picha zake alivuna alichopanda. Hukumu hiyo ni nyepesi, na ushairi wa pwani wenyewe unaikataa, kwa kuwa umezibeba pande zote mbili. Upande mmoja yuko Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtunzi wa Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, ambaye pia alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Aliishi katika zama za vita alivyovisimulia. Kampuni ya Kidachi ilipoanza kutawala pwani Agosti 1888 kwa mapatano na Seyyid Khalifa, Pangani ilikuwa ya kwanza kuwaka, kwa ukorofi wa Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Mwezi uliofuata Bagamoyo ikashambuliwa. Kisha akaja Wissmann mwaka 1889 na askari wa kukodiwa kutoka Misri na Msumbiji, akaivunja ngome ya Abushiri bin Salim karibu na Bagamoyo mwezi Mei, akazichukua Saadani na Pangani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani akasalimu amri mwaka uliofuata. Hemedi aliwatia watu hao katika bahari ile ile ya utenzi, ya mizani nane nane, ambayo kwayo watu wa pwani walikuwa wakisimulia vita vya Mtume na masahaba. Kwa kufanya hivyo alivipa vita vya Mrima cheo ambacho Wadachi hawakuwa na uwezo wa kukiondoa. Utenzi ulichapwa mwaka 1955 kwa kazi ya J. W. T. Allen, na mtu anaweza kuusoma leo.

Upande wa pili wako washairi kama Mwenyi Shomari bin Mwenyi Kambi wa Kunduchi, ambao tungo zao zilikusanywa na Carl Velten na kuchapwa Ujerumani. Katika tungo hizo dola mpya inasifiwa, na waliopinga wanalaumiwa. Kunduchi na Saadani ni pwani moja, na waliotunga kila upande walisoma vyuo vya namna moja na kuzijua kanuni zile zile za vina na mizani. Msomaji wa leo hutamani kumtoa Mwenyi Shomari katika ukoo wa washairi. Lakini akimsoma kwa utulivu ataona fundi aliyekuwa akifanya kazi ambayo washairi wa pwani waliifanya kwa kila mwenye nguvu: kumtolea sifa ili mji upone. Tofauti ya wawili hao si ya ufundi. Hemedi alikuwa na mahali pa kusimama pasipomtegemea Mdachi. Mwenzake alitunga mahali ambapo bendera ilikuwa imekwisha kupandishwa. Husen, aliyezaliwa baada ya hayo yote, hakuzaliwa katika nchi nyingine ila ile ya bendera. Kwake asili iliyokuwapo kuachwa ilikuwa ni kambi ya baba yake.

Riwaya iliyomkaribia askari wa namna hii kuliko zote ni Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla mwandishi huyo, mzaliwa wa Unguja, hajapewa tuzo ya Nobel. Inaanzia katika mji wa pwani usiotajwa jina, na vita vya Abushiri vimo ndani yake kama kumbukumbu ya wazee. Askari wawili wanaingia jeshini kwa hiari. Mmoja ni Hamza, ambaye msomaji anamfuata kambini, vitani, hata kwenye misheni anakouguzwa jeraha, kisha anarudi mjini na kumpenda Afiya. Wa pili ni Ilyas, kaka yake Afiya, aliyechukuliwa na askari utotoni, akalelewa na Wadachi na kusomeshwa nao, akaondoka kwenda kuwapigania na asirudi.

Sura za Hamza ni za mkono wa bingwa. Uhusiano wake na afisa anayemfundisha Kijerumani ili aweze kumsoma Schiller unaeleza ukoloni kwa undani ambao hotuba mia hazifikii: kuna upendo ndani yake, na dharau ndani ya upendo, na Hamza anaviona vyote viwili asiseme. Humo wapagazi wamo, njaa imo, na vijiji vilivyoporwa vimo. Kila ambacho Wapanda Farasi kilikiacha nje ya fremu kimerudishwa mahali pake.

Ila kwa Ilyas riwaya inasita. Ndiye mwenye swali zito kuliko wote, kwa kuwa anawapenda Wadachi kwa dhati, lakini kurasa zilizo nyingi hayupo. Habari zake zinafika mwishoni kabisa, pale mpwa wake, aliyepewa jina lake, anapokwenda Ujerumani miaka ya sitini na kukuta katika makaratasi kwamba mjomba aliimba katika majukwaa ya Kijerumani, akadai haki ya askari akanyimwa, na akafia Sachsenhausen. Anayeijua habari ya Husen atamtambua mara moja. Katika kurasa chache hizo mna maisha ya kutosha riwaya nyingine nzima, nazo zimepita kwa mwendo wa ripoti.

Inawezekana kuitetea njia hiyo. Kwa Afiya na mji wake, Ilyas kweli alikuwa ni kimya, na miaka ilimfika mjini kwa namna hiyo hiyo, kama uvumi uliochelewa. Gurnah amekuwa mwaminifu kwa waliobaki wakingoja. Hata hivyo deni limebaki. Hamza ni mtu mpole ambaye vita vilimpata. Ni rahisi kumhurumia. Ilyas ni mtu aliyevaa sare akaipenda. Fasihi ya pwani ikiwa itamhurumia wa kwanza tu, itakuwa imewaachia wengine wa pili wamtumie watakavyo, kama Selpin alivyomtumia Husen.

Mjerumani Eva Knopf alijaribu kulilipa deni hilo mwaka 2013 katika picha ya kumbukumbu iitwayo Majubs Reise, yaani Safari ya Majub, jina ambalo Husen alizaliwa nalo. Alizichukua picha za zamani, akavitafuta vipande ambamo Husen anapita pembeni, akavisimamisha. Mtazamaji aliyezoea kumfuata mbeba hadithi analazimishwa kumtazama mbeba sinia. Ni ufundi wa kihakiki kuliko wa kisimulizi, na umefanya kazi. Lakini nao umefanywa Ujerumani, kwa makaratasi ya Ujerumani.

Kwamba pwani hii inaweza kugeuza riwaya yake kuwa picha si jambo la kubahatisha tena. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilichapwa mwaka 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa kwa sinema, kwa Kiswahili cha Unguja, bila kumwekea mtazamaji Mzungu wa kumshika mkono. Bagamoyo kwenyewe kina chuo cha sanaa tangu 1981, kilichowafunza waigizaji, wapiga ngoma na wachezaji wa kizazi kizima. Utenzi wa Hemedi upo. Tungo za Kunduchi zipo. Ngome, makaburi na ufuko wenyewe vipo, na Saadani ni mwendo wa siku moja.

Atakayeifanya kazi hiyo asianze kwa bendera wala kwa kitanzi. Na aanze kwa mtoto wa miaka kumi katika kambi ya Dar es Salaam, anayefundishwa kupeleka ishara kwa lugha isiyo yake. Mtoto anajivunia, kwa kuwa baba yake anamtazama. Katika mtaa mmoja wa Berlin, tangu mwaka 2007, jina la mtoto huyo limo katika kibao kidogo cha shaba kilichotiwa katika sakafu ya njia. Huku kwao halijaandikwa popote, na kwa heri yake haijapata wa kuiitikia.